Giaboksi Ngumu ya Mtani Wangu

Habari ya msiba ilinikuta sokoni Kilwa Masoko, nachagua bamia. Simu ikaita, nikaona jina la mtani wangu kwenye kioo, nikaipokea kama ninavyoipokea siku zote: "Unasemaje, mla ming'oko? Bado hujafa tu?" Muuza bamia akacheka. Halafu ikaja sauti ya mwanamke, sauti ya mke wake, taratibu kabisa: "Shemeji, amefariki alfajiri hii." Wasomaji wangu, mnanijua, sikosi la kusema. Siku hiyo nilijuta kulipata. Nilisimama pale jasho linanitoka, natamani kuyarudisha kinywani maneno yaliyokwisha kutoka. Niliomba radhi, nikaomba tena, mpaka mwenyewe akanionea huruma. "Acha, shemeji," akasema. "Ungepokea kwa salamu za heshima ningedhani nimekosea namba." Akaniambia maziko ni kesho baada ya misa, akakata simu. Nikaondoka pale na kikapu cha mama mmoja nisiyemjua, bamia zangu nimeziacha mezani, na mwenye kikapu aliponikimbilia alinikuta nalia njiani kama niliyeibiwa mimi.

Kwa msomaji asiye wa huku kwetu, nieleze kidogo. Mimi ni wa pwani kunakoliwa papa, yeye alikuwa wa milima ya Matumbi kunakochimbwa ming'oko, viazi vya porini, na kwetu sisi wawili utani ulirithiwa tangu kwa mababu. Mtani unamtukana hadharani, unamvua kofia, unaingia jikoni kwake unafunua sufuria, na hana ruhusa ya kununa. Ni raha, ila ina taabu yake: ukishazoeana na mtu kwa mizaha, siku akisema la kweli hujui ulishikie wapi. Mtani wangu alikuwa mkulima wa ufuta na machungwa, Mkatoliki asiyekosa kanisani Jumapili, mrefu, mwenye kicheko kinachoishia kwenye kikohozi. Alikuwa na mke mmoja na gari moja, na hawakujaliwa mtoto. Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya zamani, ya kuvuta magurudumu yote manne, aliyoinunua kwa mradi mmoja uliofungasha virago. Hiyo ndiyo iliyowalisha. Ilishusha machungwa Nangurukuru, ikapandisha saruji na mabati, na masika njia ikigeuka uji ndiyo pekee iliyoweza kumfikisha mjamzito barabara kuu. Na kila aliyemjua alijua pia kilichokuwa kikimkosesha raha. Dada yake alifiwa na mume, na kabla matanga hayajaanuliwa wakwe walikwisha kubeba kila kitu ndani ya nyumba, mpaka cherehani. Yeye naye alikuwa na mdogo wake, dereva wa teksi Dar es Salaam, ambaye kila akija likizo aliizunguka ile pikapu, akaipigapiga bodi, akasema, "Kaka, hii siku moja tutaitunza sisi."

Basi giaboksi ikafa. Ilikuwa ya otomatiki, na ilifia mlimani, gari limejaa machungwa, injini inanguruma lakini magurudumu hayana habari. Fundi akaingia uvunguni, akatoka na mafuta meusi yananuka kuungua, akasema hii huku kwetu haina tabibu, toa, weka ya manyuo, ya kukanyaga klachi na kubadili gia kwa mkono. Hapo ndipo mkutano mkuu ulipofunguliwa. Kwa miezi kadhaa mtani wangu alikuwa akiteremka Nangurukuru, anakaa kwenye banda la chai pale yanaposimama mabasi, anamuuliza kila anayekaa karibu: niweke giaboksi gani? Siku moja akaniita na mimi, eti kwa kuwa naandika magazetini najua kila kitu. Naapa, mimi kwenye gari najua kufungua mlango. Fundi akashauri ya gia tano, ya ukoo uleule wa gari, inaingia bila kukata chuma, laini, hata bibi harusi ataiendesha na hina mikononi. Dereva mmoja wa lori akaruka: "Za gia tano ni za mjini hizo! Milima ya huyu mzee itazitafuna." Yeye alikuwa na habari ya giaboksi kuukuu ya gia nne iliyolala Somanga, ilitoka kwenye lori, chuma kitupu, haifi. Ila bila dabo klachi haikubali: unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unakanyaga tena, ndipo inaingia, na ukikosea inapiga kelele kijiji kizima kikasikia. Wa tatu akasema rudisha otomatiki, dunia imeendelea. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mtani wangu akawasikiliza wote, kisha akauliza, "Katika hizo, ipi itamsumbua zaidi mtu asiyeizoea?" Tukaangua kicheko. Nikamwambia, "Wenzako wanatafuta gari la kuwatii, wewe unatafuta la kukuzaba makofi?" Akacheka, akakohoa, akamaliza chai yake, akaenda zake.

Akachukua ya Somanga. Fundi alilazimika kukata sakafu ili mti wa gia upate pa kutokea, akafupisha propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu magurudumuni, akanyofoa pedali ya klachi kwenye gari jingine bovu, na muda wote huo ananung'unika. Mimi hapo ndipo akili yangu ilipogoma. Mtani wangu alikuwa na sukari. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, kiatu kinamvuka njiani na mwenyewe hana habari. Sasa klachi inakanyagwa kwa mguu upi, jamani? Si huo huo? Nilimpigia simu, safari hii bila mzaha. "Ndugu yangu, nani atakanyaga klachi hiyo?" Akajibu, "Wewe, mla papa. Nitakufunga kamba kwenye pedali." Pale Nangurukuru wakasema sukari imempanda kichwani. Nami nilikasirika naye, sifichi. Mnajua ninavyolalamika humu kila mara kwamba siku hizi tunataka kila kitu kiwe chepesi, tukibonyeza kiitike, na kikiharibika tunakitupa kwa kuwa hakuna aliyebaki anayekijua ndani. Mnanizomea, na mna haki. Lakini hata mimi mpenda vya kale sikuona kwa nini mgonjwa ajitwishe chuma cha lori. Nikawaza labda anaukana ugonjwa. Nikawaza labda ni ubishi tu, maana alikuwa mbishi. Nikawaza labda bei yake ilikuwa chini kuliko zile nyingine. Niliwaza mpaka nikachoka, nikaacha, na sikupanda tena kwake mpaka msiba ulipotokea.

Tulimzika mchana, manyunyu yanatudondokea. Kama mtani nilifanya kazi yangu: nilivaa kofia yake, nikachechemea mbele ya waombolezaji kama alivyochechemea yeye, nikawaamuru wachimbaji waongeze kina, asije akatoka humo kutuuliza tena habari za giaboksi. Watu walicheka huku wanalia, nami vivyo hivyo. Kesho yake kikakaa kikao cha familia, wazee wa ukoo wametoka mbali, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Yule mdogo wa marehemu akasimama. "Wazee wangu, shikamooni," akaanza. Wakaitikia marahaba. "Gari haliwezi kukaa hapa linanyeshewa. Shemeji ni mwanamke, haendeshi. Nitaondoka nalo mimi, nilitunze kwa niaba ya ukoo." Mzee mmoja akatikisa kichwa kukubali, wa pili akatazama chini. Mjane alifungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akatoa ufunguo, akauweka juu ya mkeka mbele yake. Nikamkumbuka yule dada na cherehani yake, nikajua hivi ndivyo inavyokuwa, kwa adabu kabisa, watu wamenyamaza. Kwa kuwa mtani haulizwi, niliinuka nikauokota ufunguo, nikamkabidhi yule bwana kwa hasira yangu yote: "Haya, mwenye gari! Litoe basi tukuone."

Injini iliwaka mara moja. Akakanyaga, akasukuma gia. Lahaula! Ilitoka kelele ya chuma kwa chuma, kuku wakatawanyika, mtoto mgongoni mwa mama yake akaanza kulia. Akajaribu tena, gari likaruka hatua moja likazima. Akawasha. Likapiga kelele nyingine, likazima. Miaka yote mjini anaendesha otomatiki, mguu wake wa kushoto ulikwisha kustaafu. Akateremsha kioo, jasho linamtiririka, akasema gari hili bovu, kaka alitapeliwa. Wanawake walikuwa wamejifunika midomo kwa khanga. Mzee aliyekuwa ametikisa kichwa akauliza kwa mshangao wa kweli, "Mbona kaka yako halikumfanyia hivi?" Jirani mmoja, mama mnene aliyekuwa anapepeta mchele, akajibu bila kuinua uso, "Kaka yake hakuwahi kuliendesha hilo tangu libadilishwe. Anayeliendesha yupo hapo mkekani." Sisi tuliotoka mbali tukageuka wote. Mjane akainuka, akakaza khanga kiunoni, akaenda mpaka mlangoni mwa gari. "Shuka, shemeji," akasema. Akapanda. Mguu ukaenda mara mbili, mkono mara moja, gia ikaingia kimya. Akalirudisha nyuma katikati ya mfenesi na banda la jiko, nafasi ambayo mimi nisingepitisha baiskeli, akaligeuza, akaliegesha mbele ya mlango wa nyumba yake, akachomoa ufunguo, akaufunga tena kwenye pindo. Hakumtazama mtu. Mzee mkubwa wa ukoo akajikohoza. "Basi," akasema. "Gari lina dereva. Leteni chakula tule."

Jioni mjane ananisindikiza, nilikuwa nimejaa furaha hata nikasahau kuwa tuko msibani. Nikamwambia, "Shemeji, marehemu alikuwa anaona mbali. Tulimcheka wote, kumbe alikuwa anakuchagulia giaboksi ambayo hakuna wa kukunyang'anya." Alisimama, akanitazama. "Achague yeye? Na wewe ndiye unayeandika magazetini! Nilichagua mimi." Akanieleza kuwa mumewe kila akirudi Nangurukuru alimsimulia yote, nani kasema nini, na matusi yangu ndani yake, na wakacheka. Yeye mume aliitaka ile laini ya gia tano, ili mke wake asipate taabu kujifunza. "Nikamkatalia, nikamwambia, hiyo laini ingekuwa ya ukoo mzima. Kila mwenye mikono angekuja kuiazima, na siku ukiondoka wewe hairudi. Nitafutie ngumu, nitaizoea." Nikamuuliza aliizoeaje. "Nililia, shemeji. Nililia kwenye usukani mpaka nikakoma. Nikipiga kelele za gia, yeye ananiambia tena, mama, tena. Alikaa pembeni yangu, na kila nikikosea namwona na ule mguu wake mfu, anaukandamiza sakafuni, anakanyaga klachi isiyokuwepo."

Sasa mnaiona shida yangu. Nilikaa kuandika sifa za mwanamume mwenye akili ya mbali, na akili ilikuwa ya mkewe. Nimefuta mara tatu, na bado sijui marehemu nimsifie nini. Hakuchagua, hakuendesha, na nilipomuuliza kwa dhati alinijibu mzaha. Alichofanya ni kukubali. Aliamini neno la mke wake kuliko la banda zima la chai, akalipeleka mbele yetu sisi wanaume wenye kelele, tukamwita mwendawazimu, na hata mara moja hakujitetea kwa kusema si langu, ni la mama nyumbani. Kama angesema, ndugu zake wangejua na wangejipanga. Au pengine hakufikiri yote hayo, pengine alimpenda tu. Sijui, na wa kumuuliza hayupo. Ninachojua ni kwamba nilimwonea wivu, na kwamba tunapochagua chochote cha nyumbani, tunamuuliza kila mtu isipokuwa yule atakayebaki nacho. Jana baada ya chakula nilimgeukia mke wangu, nikamuuliza: nikifa mimi kesho, wewe ungetaka ubaki na nini, na nani unamwogopa? Aliacha kukusanya vyombo, akavuta kigoda. "Kaa vizuri," akaniambia. "Nilidhani hutauliza."