Ukungu wa Muhogo

Mwanangu, weka chini hiyo rangi mbili, hiyo kapsuli ya dawa, kwanza. Usiifungue. Najua unataka kumwagia mtoto wako unga wa ndani yake kwenye kidonda cha mguu, kama wanavyofanya wengi hapa Koboko, na mimi nimechoka kusema. Keti, niseme mara hii tu.

Naikumbuka siku ile kule Ludara. Mama alikuwa amerundika muhogo na kuufunika majani ili uote ukungu, kama tunavyofanya kabla ya kuukwangua na kuutwanga. Mdogo wangu Poni alikuwa amejikata mguu kwa jembe. Kaka yetu Kenyi, msomi wa nyumba, alikuwa amefundishwa shuleni kwamba penisilini ilitokana na ukungu. Daktari mmoja wa Ulaya aliukuta umeota kwenye chombo chake, na vijidudu vilivyokuwa karibu nao vimekufa. Basi Kenyi, akili nyingi, akakwangua ule wa muhogo, akaufunga kwenye kidonda. Nasi tukamsifu!

Mguu ukavimba mpaka ngozi ikang'aa. Poni alipoanza kuweweseka, baba alimpakia kwenye baiskeli, Kenyi akifuata mbio nyuma, hadi kwa dresa, mtibu vidonda wetu, mzee aliyewahi kuwa jeshini. Mzee akafungua kitambaa, akanusa, akamtazama Kenyi.

"Wewe kijana, ukungu iko mingi," alisema. "Ile ya dawa iko aina yake, na kuiona tu haikutosha. Watu ilikaa miaka nasafisha, najaribu, nashindwa. Wewe nasikia mwanzo tu, nakimbia nayo kwa mguu ya mutu."

Akawa anamchoma Poni sindano za penisilini, asubuhi na jioni. Homa iliposhuka, mama alitaka kumrudisha nyumbani. Mzee akakataa: "Bado. Mimi ndiyo nasema basi."

Poni alipona, ingawa mpaka leo anachechemea, umemwona.

Hilo "bado" ndilo ninalokuachia, mwanangu. Dawa hizi zilitafutwa kwa jasho, nasi tunazimwaga vidondani, tunagawana na jirani, tunaziacha tukipata nafuu. Vijidudu vinazizoea. Siku hizi mtoto anaweza kupewa dawa isimsaidie, na inaniuma, kwa sababu niliiona ikimrudisha mdogo wangu. Mpeleke hospitali apimwe. Akipewa dawa, azimalize zote, hata akiwa anacheza.

Mungu ampe mguu wa kukimbia, na wewe akupe moyo wa kufika mwisho. Haya, mbebe. Usinisubiri, tangulia naye, mimi nitafika.