Kaka Yangu Hakuvunja Gitaa

Kaka yangu alifundisha fizikia chuoni maisha yake yote, na katika maisha hayo yote hakuna televisheni iliyomtafuta. Alipokufa walikuja na magari mawili.

Tuseme ukweli, hawakumjia yeye. Walimjia mwanawe, ambaye ni mwanamuziki na picha yake imebandikwa hata kwenye maduka ya vinyozi. Filamu ilihusu mtoto anayetaka kuijua kazi ya marehemu baba yake. Mimi ni shangazi yake. Wifi yangu alipofariki nilihamia kwa kaka nimpikie, kwa hiyo nyumba waliyoipiga picha ndiyo niliyoifagia miaka yote.

Kazi ya kaka ni rahisi kuieleza, ingawa yeye mwenyewe hakuweza. Teleka sufuria ya maji. Kabla hayajachemka yanavuma, kisha yananyamaza kidogo, ndipo yanachemka. Kaka alitaka kuujua ule mvumo. Alisema ni mapovu ya mvuke yanayozaliwa chini penye moto, halafu yanasinyaa ghafla yakikutana na maji ya juu ambayo hayajapata joto. Viwanda vilimwita asikilize mabomba yao ya mvuke, aseme lipi linalika kwa ndani. Nyumbani alisikiliza sufuria zangu. Ananiambia, "Usiguse, bado yanasema," kisha anakwenda kutafuta kalamu na harudi. Nimeunguza sufuria nyingi kwa ajili ya sayansi.

Kanisani aliimba kwa sauti moja tu, wimbo upande au ushuke. Kiongozi wa kwaya alimwomba kwa upole amtumikie Mungu kwa kupanga viti. Akavipanga kwa furaha, huku akipiga makofi kila pembe asikie ukuta unavyojibu, mpaka watoto wakamwita Mwangwi. Hakuchukia. Alisema ni jina la maana.

Huyo ndiye mtu aliyejulikana nchi nzima kuwa alivunja gitaa la mwanawe.

Wimbo uliomtoa mtoto wetu unasimulia habari hiyo: baba mkali, gitaa vipande vipande. Redioni wakamuuliza kama ni kweli, akaitikia, na tangu hapo akawa anaitikia kila mahali. Kaka alipousikia alisema kinanda kimezidi, akaendelea kula. Mimi niliumia, lakini nilinyamaza kwa sababu mwenyewe yupo, atajitetea. Sasa hayupo, na neno lile lilikuwa linakwenda kutiwa kwenye filamu ya kumkumbuka. Nikamwomba Mungu anisaidie litoke, bila kugombana na mtoto.

Mwongozaji alikuwa dada mchangamfu. "Mama, ubao wake uko wapi?"

"Ubao gani?"

"Wa kuandikia hesabu zake."

"Hakuwa na ubao hapa. Ukutani nilimkataza."

Wakaleta wa kwao. Yule binti wa kupaka watu poda akaujaza hesabu alizozinakili kutoka kwenye simu. Mtoto wetu akasimama mbele yake, akaugusa kwa vidole, machozi yakamtoka.

"Mwanangu," nikamnong'oneza walipozima, "huo mwandiko ni wa yule dada wa poda."

"Najua, shangazi. Wamesema niuguse."

Zamu yangu ikafika. Walinikalisha jikoni, sufuria motoni, mtoto kando yangu. Mwongozaji akasema, "Mama, tusimulie siku ile alipovunja gitaa. Kwa uchungu."

"Uchungu ninao. Siku hiyo ndiyo sina."

"Kivipi?"

"Haikuwepo."

Mtoto akainama. "Shangazi, ule ni wimbo tu."

"Wimbo uimbe. Hapa nimeulizwa habari. Ulianguka nalo ngazini ukiwahi mazoezi ya kwaya. Baba yako ndiye aliyeokota vipande."

"Kwa hiyo akalificha?" Mwongozaji hakutaka kwenda mikono mitupu.

"Alilipeleka maabara akalitia gundi, akalibana na vibano vyake. Lilipokauka akasikia ufa umebadilisha mlio, akataka kujua kwa nini. Basi, likakaa huko."

"Lilikaa mpaka nikamaliza shule, shangazi!" Mtoto alikuwa amesahau kamera. "Kila nikimwomba, 'Bado kidogo.' Bado kidogo! Wenzangu wanapiga, mimi napiga meza!"

"Na sufuria zangu je? Nani alinirudishia?"

Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika. Mtoto hakucheka. Alitazama moto, kisha akageukia kamera.

"Baba hakulivunja. Nililivunja mimi."

"Simamisha," akasema mwongozaji, akamgeukia mtoto. "Kaka, watazamaji wanajua hadithi nyingine."

"Basi waijue na hii. Ukiitoa, nitoe na mimi."

Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Filamu ilionyeshwa Jumapili baada ya ibada, sebule ikiwa imejaa majirani. Maneno ya mtoto yalikuwemo yote, sikuibiwa hata moja. Ila waliyawekea muziki wa huzuni chini yake, wakausogeza uso wake karibu, kisha wakaonyesha ule ubao. Kesho yake mama mmoja akanisimamisha sokoni.

"Yule kijana ana moyo! Baba kamvunjia gitaa, na bado anajitwika kosa yeye!"

"Lakini amesema mwenyewe—"

"Ndiyo maana nasema ana moyo."

Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya kusamehe wazazi, akatoa mfano. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Kanisani kwetu mtu hanyooshi mkono.

Jioni mtoto akanipigia simu. "Shangazi, kila mtu ananisifu kwa kusamehe."

"Kusamehe nini, na hakulivunja?"

"Kulivunja, hapana. Kulikalia kule maabara. Hilo nilikuwa sijamsamehe. Nadhani ndilo nililokuwa naliimba."

"Na sasa?"

"Sasa ndiyo naanza."

Nikamwambia hayo si maneno ya kuniambia mimi, ampelekee mwenyewe.

Alikuja Jumamosi, peke yake, bila kamera wala poda, na kwa kuchelewa. Tulikwenda makaburini kwa miguu. Alipoanza kuongea na baba yake, mimi nilisogea kwenye kaburi la wifi nikang'oa majani, wapate nafasi.