Alihoji Watu Arobaini, Jina Lake Likaachwa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Rachael Ajwang anapitisha kioo chini ya gari langoni mwa jengo moja la ofisi katikati ya Nairobi. Dereva hata hamsalimii. Rachael amezoea. Asichoweza kumeza ni kufanyiwa hivyo darasani.

Mlinzi huyu wa miaka thelathini na minne, mkazi wa Riruta, anapata shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi. Jioni akivua sare, anaingia chuo kikuu kimoja cha kibinafsi anakosoma Utangulizi wa Saikolojia. Msimamizi wake amemruhusu zamu za mchana mwaka huu pekee. Akifeli somo hili, safari yake ya chuo imeishia hapo.

Na sasa anakaribia kufeli kwa upuuzi mtupu.

Mwezi uliopita, kundi lao la watu watano lilipewa CAT, yaani jaribio la muhula, kuhusu kumbukumbu, yenye alama thelathini: kuwasomea watu maneno kumi na tano, kisha kuwauliza wanakumbuka yapi. Wenzake wanne hawakukosa visingizio. Rachael akatumia siku zake mbili za mapumziko pale Dagoretti Corner, akiwaomba mafundi viatu na akina mama mboga dakika tano tano, hadi akatimiza watu arobaini.

"Mama mmoja aliniuliza kama hii ni mambo ya sensa," anasema, akicheka kidogo. "Nikamwambia, 'Hapana mathe, nataka tu kujua unakumbuka nini.' Akataja kumi na moja! Watu wako sharp."

Matokeo yote aliwatumia wenzake. Ripoti ikafika kwa mhadhiri ikiwa na majina manne.

Alipompigia simu Ken, kiongozi wa kundi, kijana huyo alijitetea kwamba aliyanakili majina kutoka kwenye simu yake, na humo alikuwa amemhifadhi Rachael kama "Soja", yaani mlinzi. Hakujua jina lake halisi, basi akaliruka.

"Miezi mitatu tunakaa pamoja!" Rachael anafoka. "Halafu ananiambia, 'Tulia, ni CAT tu.' Kwake ni CAT tu. Kwangu ni shule yote!"

Mhadhiri naye, badala ya kuuliza kazi ilifanywa na nani, alimpa alama kumi za kumhurumia. Huruma ya nini kwa mtu aliyefanya kazi ya watano? Rachael alizikataa papo hapo.

"Siombi mtu. Nataka yangu."

Ijumaa saa nane mchana, mkuu wa idara atasikiliza malalamiko yake. Rachael ameomba ruhusa kazini na kupanga karatasi zake arobaini, zote kwa mwandiko wake. Ameandika ombi moja tu: wote watano waitwe ndani mmoja mmoja, mlango ufungwe, kila mtu ataje yale maneno kumi na tano.

"Mimi nimeyasoma mara arobaini," anasema. "Wacha wao waanze."