Kipande cha Mwisho cha Semeni

Semeni ni fundi cherehani pale Kibiti, jirani na stendi. Wengi wanamjua kwa kupunguza suruali. Mimi namjua kwa vitabu.

Tulikuwa wanne na kitabu kimoja. Semeni alikipasua kwa mkasi wake wa vitambaa, vikawa vipande vinne, kila kimoja akakishona uzi mweusi. Unasoma chako tu, cha mwenzio huchungulii. Ijumaa baada ya alasiri tunakaa barazani kwake, tunasimuliana kwa zamu. Vitabu sita vimekwisha hivyo.

Cha saba, mimi nikasimulia mwanzo. Ijumaa ya pili hakuja mtu ila mimi, wala zilizofuata. Semeni ndiye mwenye kipande cha mwisho.

"Mzee wangu, huku kwangu mama mmoja anachoma nyumba yake mwenyewe," akaniambia. "Miezi mitatu nashona, namuwaza. Kaichomea nini?"

Miguu yangu haikai, nikaenda kwa mwalimu Rukaiya, mwenye kipande cha pili.

"Babu, tumehamia WhatsApp! Tuko mia mbili. Nyie bado mnakata vitabu kama mikate?"

"Na Semeni?"

"Si anunue simu kubwa."

Akatoa kipande kwenye droo, kina vumbi.

Cha tatu kilikuwa kwa Zaidi. Amehamia Nyamisati, anauza nguzo za mikoko. Nikapanda bodaboda, mgongo ukalia njia nzima.

"Mzee, Ijumaa nitafikaje Kibiti mimi?" akasema. "Kwenye simu nachangia hapahapa, juu ya nguzo. Lile kundi limeniokoa."

Nikachukua kipande chake. Anasema kweli.

Nikampelekea Semeni vipande vyote viwili. Hakuvipokea.

"Nikivisoma mwenyewe, nani atanisimulia?"

"Nimechoka, mwanangu."

"Najua. Kaa hapo kwenye mkeka, uvisome. Nakuchemshia chai."

Nilisoma siku mbili, macho haya yakitoka machozi. Ijumaa nikasimulia zamu ya Rukaiya, kisha ya Zaidi, nikikohoa katikati. Nilipofika pale mume anapowaleta wanunuzi wa nyumba, mke mwenyewe hana habari, Semeni akasimamisha cherehani.

"Kumbe!" akasema. "Ningekuwa mimi, ningeichoma mapema zaidi."

Akavuta kigoda, akakohoa kidogo. Mkeka mzima ulikuwa na mimi peke yangu, lakini alianza kusimulia kipande chake kwa sauti ileile ya siku zote, kubwa, ya kumfikia aliyekaa mwisho.