Mama Alivyosoma Mbele ya Shemasi

Mama yangu, Hepziba Lamson, alikuwa mjane wa mvuvi katika mji wetu mdogo wa pwani ya Massachusetts. Alisokota sufu za watu, akatulea mimi na dada yangu Jerusha kwa uji wa mahindi na samaki wa chumvi. Kusoma hakujua hata herufi moja, na hilo alilificha kama kidonda.

Sheria yetu ilitaka kila nyumba ifundishe watoto kusoma Neno la Mungu, ili Shetani asiwalaghai. Wazee wa mji walipita kukagua. Vuli ile alikuja Shemasi Crowe, mtu mrefu mwenye kikohozi, akanipa kitabu. Nikakishika juu chini.

"Mama Lamson," akasema, "nitarudi theluji ikiyeyuka. Nikikuta hali ni hii hii, wasichana hawa watahamia nyumba nyingine, wakafunzwe huko."

Usiku ule mama hakula. Kulipokucha alibeba gurudumu lake la kusokotea hadi kwa Bibi Waitstill, ajuza aliyefundisha watoto jikoni mwake.

"Wapokee wanangu, bibi. Nitakusokotea sufu yako yote. Ila niruhusu nikae humu humu."

"Kaa. Lakini gurudumu lako lina kelele!"

"Na hawa watoto wako je?"

Bibi akacheka, akamsogezea kigoda.

Majira yote ya baridi tuliimba herufi kutoka kwenye kibao cha kusomea, kisha silabi, kisha maswali ya katekisimu. Aliyesinzia aligongwa kichwani kwa kastabini, kile kikofia cha chuma ambacho Bibi alivaa kidoleni akishona. Mama alisokota nyuma yetu, kimya. Nilidhani anatulinda tu. Siku moja nilikwama kwenye neno, nikasikia likinong'onwa nyuma yangu. Nilipogeuka, mama alikuwa ameinamia uzi wake, masikio mekundu.

Shemasi akarudi wakati njia zote ni matope. Jerusha alisoma vizuri. Ikafika zamu yangu, ulimi ukaganda.

"Na huyu?"

"Anajua, bwana. Ni woga tu," mama akasema.

"Kila mzazi huniambia hivyo. Wewe mwenyewe unasoma?"

Mama alifuta mikono kwenye aproni, akakichukua kitabu, akaweka kidole chini ya mstari wa Zaburi. Alisoma polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Sikuwa nimewahi kumsikia akisoma kwa sauti. Katikati shemasi akamkatiza.

"Sivyo. Hapo ni 'njia', si 'nyumba'."

Mama akarudisha kidole mwanzo wa mstari. Nilijua ameshindwa, na kwamba tutahamishwa. Kisha akamgeuzia kitabu.

"Niwie radhi, bwana shemasi. Itazame tena."

Shemasi akakisogeza hadi puani, akakisogeza mbali, akatafuta miwani mfukoni.

"Nyumba," akakiri. Kikohozi kikamshika, kumbe ni kicheko. "Mama Lamson, nimeisoma kwa kichwa miaka thelathini, na kichwa kimenidanganya!"

Nilipomwona anacheka, ulimi wangu ukafunguka. Nikasoma mstari uliofuata, na uliofuata tena, mpaka akaniambia, "Basi, mtoto, inatosha. Nina nyumba nyingine."

Alipotoka, mama alifunga mlango, akauegemea, akateleza taratibu hadi sakafuni. Tukamkimbilia tukidhani amezimia. Alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

"Mnabaki," akasema. "Wanangu, mnabaki!"

Jioni ile alimwaga asali ya miwa yote iliyobaki kwenye uji wetu.

Kuandika hakufunzwa kamwe. Wanawake wa rika lake walionekana hawahitaji. Lakini Bibi Waitstill macho yalipomwishia, watoto wa mtaa walihamia jikoni kwetu, kumi na mmoja kwa hesabu ya mwisho, na mama aliwafundisha miaka kumi na tisa. Aliyekosea hakugongwa. Aliambiwa tu, "Itazame tena."