Biblia ya Baba Mkwe na Mashine ya Shemeji

Naikumbuka Jumapili moja, mwanangu, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, nilipoingia kanisani Nyamasaria na mashine ya kusomea ndani ya mkoba, na kiburi kikubwa kuliko mkoba wenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mke wa makanika, mama wa mtoto mmoja, Otieno, na masomo yangu yaliishia darasa la tano. Nimeikumbuka kwa sababu juzi mjukuu wangu Awuor alikuja na kibao chake cha kusomea vitabu, chembamba kama sahani ya bati. Akaniambia vitabu vyote anavyotaka vimo humo, na kwamba vile vya karatasi vilivyojaa kabatini atavitoa vyote viende kwa wanunuzi wa karatasi kuukuu. Akaniuliza, "Dana, unaonaje?" Dana ndiyo nyanya kwa Kijaluo. Nilimwambia aketi kwanza. Na wewe keti, maana jambo hili si la kujibiwa mtu akiwa amesimama mlangoni.

Siku hizo nyumbani kwangu kulikuwa na Biblia moja tu, na haikuwa yangu. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe, ya Kijaluo, nzito kama tofali, jalada limeng'oka na kurasa za mwanzo zimeshikwa na uzi mmoja tu. Mama mkwe alinikabidhi nilipokwenda kumsalimia Asembo Bay. Alisema huko mjini mafundi hawakosi, niitafutie mtu wa kuishona, kisha niirudishe. Mama mkwe hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa akikutazama tu mpaka ujihisi hujaoga.

Kwetu kitabu kikichanika hupelekwa kwa mwenye sindano kubwa, kwa hiyo niliipeleka kwa mshona viatu mmoja karibu na soko la Kibuye, Mzee Okumu. Aliipindua mara mbili, akasema nirudi baada ya wiki mbili.

Kabla wiki mbili hazijaisha, shemeji yangu Odhiambo akarudi kutoka masomoni ng'ambo. Katika zawadi zake kulikuwa na kimashine cheusi, kiasi cha kukaa kiganjani, kina vitufe vya herufi na kidirisha cha kijivu kinachoonyesha mistari minne tu. Akasema Biblia nzima imo ndani. Nilicheka, nikidhani ananitania. Akabonyeza, nikaona Mwanzo kwa macho yangu. Akanipa mimi, si mume wangu, kwa sababu alikuwa amesikia aibu yangu.

Aibu yenyewe ilikuwa hii. Katika ushirika wetu wa akina mama, kiongozi alikuwa akitaja kitabu, sura na mstari, na atakayefika wa kwanza husimama na kusoma. Mimi sikuwahi kusimama. Vitabu vile vifupi vya mwishoni mwa Agano la Kale vilinitesa kama sindano kwenye nyasi. Wenzangu walikuwa wakisema, "Mngojeeni nyar Alego, bado yuko Misri na Musa." Nyar Alego ni binti wa Alego, ndivyo wake tunavyoitwa, kwa kule tulikozaliwa.

Basi Jumapili ile Mama Perez, kiongozi wetu, akataja Obadia. Wanawake wakaanza kulamba vidole na kufunua. Nikabonyeza herufi nne, nikabonyeza namba, nikasimama. Wote wakageuka kunitazama. Sasa, mashine ile ilijua Kiingereza peke yake. Nikasoma kama mtu anayetembea pekupeku juu ya miiba, mpaka nikafika mwisho. Mama Perez akanishukuru, halafu akasema kwa upole, "Haya, nyar Alego, tuelezee maana yake." Mwanangu, nilikuwa nimefika wa kwanza na sikujua nimefika wapi. Walicheka mpaka mmoja akashika nguzo.

Ungedhani nilijifunza. Sikujifunza. Mwenye kuonja sifa, hata ikiwa na mchanga, hutaka kijiko kingine. Kila Jumapili nikawa wa kwanza kusimama, na Mama Perez akawa ananisomea Kijaluo chake baada yangu. Sitaki kuisingizia mashine. Ilikuwa nyepesi, haikuchanika, panya hawakuitaka, na ukiandika neno moja ilikutafutia mahali pote lilipotajwa, kazi ambayo mchungaji mwenyewe angeifanya wiki nzima. Lakini kanisani penye kivuli kidirisha kilififia, ikabidi nikae mlangoni. Na betri zake ndogo kama vifungo vya shati zilipatikana kwa muuza saa mmoja tu mjini, naye akizikosa, Neno la Mungu linalala.

Biblia ya baba mkwe nikaisahau. Nisidanganye, nikaiacha. Nilijiambia, kwa nini nihangaike na tofali lililopasuka ilhali yote yamo humu kiganjani? Hata nilipanga mama mkwe nimpelekee ile mashine, nimwambie nimemletea iliyo bora. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Miezi minne ikapita. Jumanne moja asubuhi akaingia Akinyi, kitinda mimba wa mama mkwe, viatu vimejaa vumbi la safari. Hata salamu hakuimaliza. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, msichana wa kwanza katika boma lile kufika huko. Chuo kilitaka cheti cha kuzaliwa kufikia Ijumaa, la sivyo nafasi apewe mwingine. Naye alizaliwa nyumbani, hana cheti, na kadi yake ya ubatizo ililiwa na mchwa. Ofisini walimwambia alete maandishi yoyote ya zamani, yaliyoandikwa siku zile alipozaliwa. Mama yake akamwambia aje kwangu. Baba aliandika watoto wake wote ndani ya Biblia, ukurasa ulio kabla ya Mwanzo, kila mtoto na siku yake.

Mimi ukurasa ule sikuwahi kuufunua. Na hapa, mwanangu, cheka ukitaka, mimi nimeshazoea. Nilifungua kabati, nikatoa mashine ya shemeji, nikaanza kubonyeza jina la Akinyi. Ikafikiri kidogo, ikanijibu kwa Kiingereza kwamba haijaona kitu.

Akinyi alinitazama vidole. "Mama Otieno, unatafuta nini humo? Baba aliandika kwa kalamu."

Hapo ndipo jasho liliponitoka. Nikafunga kitambaa kichwani, nikamwambia twende. Tulipofika Kibuye, mahali pa Mzee Okumu pamekaliwa na mwanamke anayeuza ndoo. Akatuambia mzee alihamia Kondele, miezi miwili sasa. Tukatembea. Akinyi hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Nilikuwa nikiwaza jambo moja tu: karatasi ya Biblia ni nyembamba, na wavuta tumbaku wa mji huu waliipenda kwa kusokotea. Tena mtu akichana, huanzia mbele. Ukurasa ulio kabla ya Mwanzo ndio wa kwanza kuungua. Niliona maisha ya msichana yule yakipanda hewani kama moshi kutoka mdomoni mwa mtu nisiyemjua, na aliyewasha kiberiti ni mimi.

Tulimkuta Kondele kando ya duka la vipuri. Mteja mmoja ameketi kwenye benchi mguu mtupu, na Mzee Okumu anagonga soli huku Biblia imefunguliwa juu ya kasha la misumari. Niliijua kwa unene wake, si kwa sura. Alikuwa ameishona kwa uzi wa viatu na kuivalisha ngozi ya buti kuukuu la askari. Mteja mguu mtupu ndiye aliyekuwa akisoma, kwa sauti. Ndivyo mzee alivyowafanyia waliokuwa wakingoja viatu vyao.

Nilinyoosha mkono kuichukua. Akaweka nyundo juu yake.

"Hii ni ya nani?"

Nikasema ni ya baba mkwe wangu, niliileta mwenyewe. Akasema wengi wamekwisha kuiomba, mmoja alitaka kurasa mbili tu za tumbaku, akamfukuza. Kisha akaniuliza, "Mtoto wa tano ni nani, na alizaliwa lini?"

Nilikuwa nimepika katika nyumba ile, nimezika katika nyumba ile, na sikujua hata siku aliyozaliwa mume wangu. Akinyi akasema kwa sauti ndogo, "Wa tano ni mimi. Siku sijui. Ndiyo nimekuja kuitafuta."

Mzee akaondoa nyundo. Hakunipa mimi, alimpa yeye. Kisha akanigeukia. "Mama, nilikuambia wiki mbili, nikakungoja miezi minne. Mtu aliyeandika majina haya alidhani kuna atakayekuja kuyasoma."

Alisema hivyo tu, akarudia soli yake. Nimekaripiwa mara nyingi maishani, na viboko nimevijua, lakini sijapigwa zaidi ya siku ile.

Akinyi akafunua. Ukurasa ulikuwepo. Mwandiko wa baba mkwe, wino umegeuka kahawia: jina lake, siku, mwezi, mwaka, na kwamba ilikuwa asubuhi na mvua ilikuwa ikinyesha. Niliketi chini pale pale kwenye vumbi la Kondele na nguo yangu nzuri, nikacheka na machozi yakitoka, na mteja akasogeza kando kiatu chake kimoja kilichokuwa tayari ili nisikikalie. Alhamisi ofisi ikamtolea cheti chenye siku ileile aliyoandika baba yake. Ijumaa Akinyi alikuwa chuoni. Wauguzi wangapi wamefunzwa na yeye tangu hapo, muulize mwenyewe, anapenda kuhesabu.

Biblia niliirudisha Asembo kwa mikono yangu. Nilimweleza mama mkwe yote, hata lile la kubonyeza jina la Akinyi. Alipapasa ile ngozi ya buti, akaomba kuiona mashine, akaishikilia mbali na macho, akaisifu kwamba ni kitu safi. Kisha akanipa kalamu, akafunua ukurasa ule. "Mwandike Otieno." Otieno wangu alikuwa na miaka miwili, na hakuna aliyekuwa amemwandika popote. Niliandika, herufi zimepinda kama mbuzi wanaoteremka mtoni.

Sasa nisikilize, wewe na Awuor wote. Sisemi usinunue kibao. Vya siku hizi vinakuza herufi, na macho yangu yanajua thamani ya jambo hilo; vinajiwashia mwanga, vinabeba vitabu ambavyo punda angekataa, na havisumbuliwi na mchwa. Kinunue, usome, masomo hayana mwisho. Lakini ujue kisichoweza. Kikikosa umeme ni ubao tu. Jirani akitaka kuazima kitabu kimoja, utampa nyumba nzima ya vitabu? Tena kinakupa kilichochapishwa kwa watu wote, hakikupi kilichoandikwa kwa mkono kwa ajili yako. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa hiyo kabla hujatoa kitabu nyumbani, kifunue chote, tikisa kurasa, soma pembeni, uliza kilikuwa cha nani. Na ulichoaminiwa na mtu, mrudishie kwanza, ndipo ukimbilie kipya. Uamuzi wa haraka hulipwa na mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo hana kosa.

Nyasaye, Mungu wetu, akupe macho ya kuona mbali na moyo wa kuona karibu. Akujalie wa kukukumbusha kabla hujachelewa, na ukichelewa, akuwekee mtu mwaminifu njiani. Nenda ukasome.