Nilivyomkatalia Mkuu wa Shule

Nilimtukana mkuu wa shule ya binti yangu kwa simu, saa nne asubuhi, nikiwa na akili timamu na kikombe cha chai mkononi. Ningekuwa mlevi ningekuwa na pa kujificha. Lakini mimi silewi, na wala sitoki. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Mtendeni, nyuma ya cherehani, mahali ambapo nimekaa miaka mingi hata wateja wageni wakiuliza kwa fundi huambiwa, "Nenda tu, huyo yupo, hana pa kwenda."

Kosa lenyewe lina asili yake. Jirani yangu, tunayegawana ukuta, ni Mzaramo, mama mtu mzima anayekaanga bagia. Aliletwa Tabora na mume mtumishi wa reli, mume akatangulia mbele ya haki, yeye akabaki. Mimi ni Mnyamwezi. Anayezijua habari hizi amekwisha kucheka: sisi ni watani. Mababu zangu walishuka pwani na mizigo ya misafara begani, wakapita kwenye nchi ya mababu zake wakiwa hoi, na tangu hapo hatujaachana. Yeye husema babu yangu alifika kwao anaomba maji. Mimi husema bibi yake alimuuzia maji ya kuoshea vyombo. Siku ya kumzika mama yangu alijilaza njiani mbele ya jeneza, akaapa hatupiti mpaka nicheze. Nikacheza. Waombolezaji walisema sijawahi kucheza vibaya vile.

Silaha yake kubwa ni simu. Ana sauti za watu wote. Amekwisha kunipigia kama karani wa mahakama, kama mganga, kama mama wa kwaya kutoka Igalula anayetaka sare za watu thelathini. Zile sare nilikwisha kuzichorea mtindo kabla sijasikia kicheko kikiruka ukuta. Na kwa kuwa huazima simu za wateja wake, namba ngeni kwangu ni namba yake.

Basi asubuhi hiyo simu ikaita. Namba ngeni.

"Habari za asubuhi, mzazi. Naongea kutoka ofisi ya mkuu wa shule."

"Eti eh! Mkuu mwenyewe?"

"Ndiye mimi. Binti yako amechaguliwa kwenda na wenzake kwenye mashindano ya shule za mkoa. Atakimbia mita elfu moja na mia tano, na ataongoza igizo. Igizo ameliandika yeye mwenyewe. Watalala huko siku nne, kwa hiyo tunahitaji ruhusa yako."

Hapo nikajua ni mtani. Binti yangu akimbie? Huyu ambaye nikimtuma chumvi huileta wakati mboga imekwisha kuliwa? Na aandike igizo? Mtoto anayesema maneno matatu kwa siku, mawili kati yake yakiwa "shikamoo" na "sijui"? Nikaona mtani safari hii kazidisha, uongo wake hauna hata chumvi.

"Sikiliza wewe," nikasema. "Mwanangu haendi popote. Kama mnatafuta wa kukimbia, kimbia wewe na hayo makalio tuone kama utafika getini. Kama mnatafuta igizo, njoo hapa uigize mtu mwenye akili."

Nikasikia karatasi ikifunuliwa.

"Mzazi, nimekuelewa. Unakataa?"

"Nakataa asubuhi, nakataa jioni. Andika kwa wino!"

"Nimeandika," ikasema sauti, na simu ikakatwa.

Nikatulia nikisubiri kicheko kiruke ukuta. Hakikuruka. Baada ya muda mtani akatokea, lakini alitokea barabarani, beseni la kunde kichwani, anatoka sokoni.

"Mwangaluka, mla michembe, viazi vyenu vikavu," akanisalimu kwa Kinyamwezi chake kibovu. "Mbona umetoa macho hivyo?"

"Leo umeazima simu ya nani?"

"Sijashika simu ya mtu tangu alfajiri, nilikuwa sokoni. Kuna nini?"

Chai yangu ilikuwa bado nusu. Sikuimaliza.

Saa kumi binti yangu akarudi. Yuko kidato cha tatu, mrefu, mkimya. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayeumwa jino. Hakuingia ndani. Akasimama mbele ya cherehani na mkoba wake begani.

"Baba, ulinikatalia kwa nini? Ungeniambia mimi."

Nikamweleza. Nikamweleza habari ya mtani, ya karani wa mahakama, ya zile sare za kwaya. Nilidhani atacheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo uliona haiwezekani."

Nikaanza kupapasa meza kutafuta mkasi ambao ulikuwa mkononi mwangu.

Ndipo nikayajua ya nyumbani kwangu mwenyewe, mimi nisiyetoka nyumbani. Alikuwa anaondoka alfajiri, nami nikidhani anakimbia zamu ya kuosha vyombo. Kumbe alikuwa anakimbia kweli, tangu Januari, njia ya Ntalikwa kwenda na kurudi, kabla ya kengele. Na zile safari za chumvi zilichelewa kwa sababu alikuwa akikaa na bibi mmoja jirani ya duka, akimuuliza habari za wanawake waliofuata misafara, ambazo bibi huyo alisimuliwa na bibi yake. Akatoa daftari mkobani na kuliweka juu ya kitambaa nilichokuwa nashona. Majina ya washiriki yalikuwa yanapelekwa mkoani kesho yake, saa sita mchana. Baada ya hapo, basi.

Jioni ile nililisoma daftari lote. Mke wangu alikuwa Igalula kwenye biashara yake ya karanga, nikamshukuru Mungu kwa hilo. Igizo lilihusu mwanamke mpagazi, mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni, ambaye hakuna mtu katika msafara anayemwambia amebeba nini. Nilitafuta makosa, maana kazi hiyo naiweza. Cheti changu cha kidato cha nne hakijawahi kutundikwa ukutani, lakini nilikuwa na alama nzuri ya Kiswahili na sijaacha kuwatangazia watu. Sikupata kosa. Nikasoma tena kwa hasira kidogo. Sikupata.

Kesho yake nikavaa shati la Idi. Mtani akaniona.

"Unakwenda shuleni peke yako? Utapotea, wewe. Njia unayoijua ni ya chooni. Ngoja nichukue kanga."

Tukapanda bajaji. Sikuwa nimekanyaga shule hiyo tangu siku ya kumwandikisha. Wakati tunangoja nje ya ofisi nikatazama kabati la kioo: vikombe vya mpira wa pete na riadha, kimoja kimejazwa chaki, mzinga wa nyuki waliouchonga wanafunzi wa klabu ya mazingira, na michoro ya penseli ambayo mtu angedhani ni picha za kupigwa. Pembeni karatasi ya matokeo ya mitihani. Jina la binti yangu lilikuwa la tano kwenye Jiografia. Hilo pia sikuwa nalijua.

Mkuu wa shule alikuwa mama mwembamba, mdogo kuliko meza yake. Nilipomtazama nikakumbuka nilivyosema kuhusu makalio, nikatamani bajaji inirudie.

"Mzazi," akasema, "nina mwaka wa kumi na moja kwenye kazi hii. Wazazi wamenikatalia kwa sababu ya kumwozesha binti. Wamenikatalia kwa sababu ya kuvuna tumbaku. Kwa sababu ya umbo langu, wewe ni wa kwanza."

Nikaanza kuhesabu vifungo vya shati langu la Idi. Mtani akaingilia.

"Mwalimu, kosa ni langu. Huyu ni mtani wangu, nimemharibu mimi. Akisikia simu ya heshima anadhani ni mimi."

"Unamharibuje?"

Mtani akakohoa kidogo, akajiweka sawa kwenye kiti. "Mzazi," akasema, "nina mwaka wa kumi na moja kwenye kazi hii."

Ilikuwa sauti ileile, na kile kituo kifupi baada ya "mzazi", na ile pumzi ya uchovu. Kutoka chumba cha pili karani akaitikia, "Abee, mkuu!" na mlango ukafunguliwa, akasimama na kalamu na karatasi tayari kuandika.

Mkuu wa shule akainua daftari la mahudhurio akalifunika usoni. Mabega yalikuwa yanacheza. Alipolishusha alikuwa amekwisha kujirudi.

"Sikilizeni," akasema. "Nafasi ya riadha nimeshampa mwingine. Nilimwita jana, akalia kwa furaha hapo hapo ulipokaa wewe. Siwezi kumwita leo nimwambie kuna mzazi alikuwa anatania."

"Naelewa," nikasema.

"Ya igizo bado ipo. Tumejaribu wanafunzi watatu, hakuna anayeliweza lile neno la mwisho kama mwenyewe." Akavuta fomu, akaisukuma kwangu, kisha akaishika tena. "Maleba hatuna. Si wewe fundi?"

"Ndiyo."

"Basi vazi la kila mpagazi, na uje kulitazama igizo. Wewe mwenyewe. Usitume mtu."

Nikasaini saa tano na nusu.

Sitadanganya kwamba binti yangu alifurahi. Nilipomwambia habari ya mbio aliinama akafungua kamba za raba zake, akazifunga tena, akafungua. Miezi ile yote ya alfajiri niliifuta mimi kwa pumzi moja, nikiwa nacheka. Siku mbili alinipa shikamoo tu, na hata "sijui" nikaikosa.

Siku ya tatu akaja barazani na mwenzake aliyepewa nafasi yake, binti wa kidato cha pili anayekaa bwenini, wazazi wake wakulima wa kule Ulyankulu. Nilidhani wamekuja kupimwa nguo. Binti yangu akavua raba zake na kumpa.

"Zijaribu. Zikibana nitazitoa soli ya ndani."

"Na wewe, dada?"

"Mimi kwenye igizo natembea peku. Usitoke kwa nguvu, umesikia? Waache wakutangulie. Mzunguko wa tatu ndio ukazane."

Niliinama kwenye cherehani nikashona mshono ambao hakuna aliyeuhitaji. Baadaye niliufumua.

Kushona maleba nilijua ni kazi ndogo. Nikakata vitambaa vya kaniki na merikani, nikapinda pindo, nikapiga pasi mpaka mikunjo ikasimama kama makali ya kisu. Binti yangu akaja akaitazama nguo ya kwanza akaizungusha.

"Baba, huyu mtu ametembea miezi mitatu. Mbona kama anakwenda harusini?"

"Mimi sishoni nguo mbaya."

"Basi zichafue."

Mwili wangu wote ulikataa. Mtani ndiye aliyeniokoa. Alizitandaza uani kwenye mchanga, akavua ndala, akazipanda na kuanza kucheza juu yake, akisema maisha yake yote ameisubiri siku ya kuikanyaga kazi ya Mnyamwezi kwa ruhusa ya mwenyewe. Na zikapendeza. Zilipochakaa ndipo zilipokuwa nguo.

Siku ya mashindano nilikaa kwenye benchi la mbele kama nilivyoamriwa, mtani ubavuni. Asubuhi tulitazama mbio. Yule binti wa Ulyankulu aliwaacha watangulie, mzunguko wa tatu akakaza, akamaliza wa pili, na binti yangu alikuwa amesimama kwenye kona ya uwanja akipiga kelele kwa sauti ambayo sikujua anayo. Nilijua pia kwamba angeweza kuwa wa kwanza, na kwamba alijua hivyo, na alipiga kelele hata hivyo.

Mchana wakacheza igizo. Mwanamke mpagazi anafika pwani. Wanaume wanatua mizigo yao na kulala chini. Yeye anakataa kutua. Anasimama na mzigo kichwani, miguu peku, nguo ya kaniki imejaa mchanga wa uani kwangu, anasema hatautua mpaka mtu amwambie amebeba nini. Hakuna anayejua. Mtani akanipa upindo wa kanga yake, nikamwambia vumbi limeniingia machoni. Akasema, "Ndiyo, vumbi la Tabora huingia kwa wapumbavu tu."

Walikuwa wa kwanza. Wakachaguliwa kwenda kucheza Dodoma, mbele ya mikoa mingine. Na mwalimu wa michezo akamwambia binti yangu, mbele yangu na kwa makusudi, kwamba mchujo wa riadha wa mwaka ujao unaanza Januari, na kwamba safari hii simu atapigiwa mama.

Wiki iliyofuata fomu mpya ya ruhusa ikaja nyumbani, mkononi mwa binti mwenyewe. Mtani alikuwa ameegemea ukuta anachambua kunde. Walikuwepo na wateja wawili barazani, nami nikaona nafasi. Nikaivaa miwani, nikaikunjua fomu polepole, nikaanza kueleza kwamba kipaji hiki hakikutoka hewani. Kwetu, nikasema, tangu babu mzaa babu, tulikuwa watu wa safari ndefu na masimulizi, na hata mimi, ningepewa nafasi wakati wangu, pengine leo mngekuwa mnazungumza habari nyingine kabisa. Binti yangu alikuwa amesimama na kalamu, ameinyosha kwangu, anangoja kwa adabu.

Mtani akaacha kuchambua kunde.

"Wewe ulitakiwa kusema neno moja tu, 'ndiyo', na hilo moja likakushinda. Tia saini hapo, mtoto aende."